Chombo Chetu Kiko Salama

Jumapili, mchana

Jua la Julai, mwezi wa baridi huku ugenini, liko dirishani lakini ni la kutazama tu, halipashi. Nimevaa sweta mbili. Majirani wa ghorofa hili la Berea wako kanisani, na mimi nashona suti ya mwanaanga.

Ni ya binti yangu Zuhura, ana miaka kumi na mitatu. Darasani wamesoma habari za chombo kipya cha kupeleka watu mwezini, ambacho nchi kadhaa zinakijenga pamoja. Hii inatengeneza chumba cha kukaa watu, ile injini, nyingine mlango wa kuunganisha na chombo kingine. Ijumaa wataigiza mbele ya wazazi, na kila mtoto ataita duniani kwa lugha ya kwao: chombo chetu kiko salama.

Juzi aliniuliza Kiswahili cha sentensi hiyo. Nilifurahi mno, maana huwa haniulizi kitu. Nikamwambia. Akacheka.

"Eish, Baba. Chombo si sahani?"

Alikuwa ananitania tu. Mimi nikapandwa na hasira, nikamwambia kama hataki lugha yangu aseme Kizulu cha mama yake, asinisumbue. "Sharp, Baba," akajibu, yaani sawa, akaingia chumbani. Jana nilimsikia akifanya mazoezi kwenye simu na mama yake mkubwa, kwa Kizulu. Leo asubuhi ameniamkia shikamoo, akaenda kwa huyo mama mkubwa, anayekaa mtaa wa Alexandra. Sijamwomba radhi.

Hakukosea.

Humu ndani vyombo ni sahani, sufuria na vikombe. Osha vyombo. Funga mlango. Zima taa. Hicho ndicho Kiswahili nilichompa mwanangu, cha kuamrisha. Utani, hadithi na umbea alivipata kwa mama yake, Thandi, kwa Kizulu. Thandi alipofariki mwaka juzi nyumba ilinyamaza, na mimi nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya mtoto. Ukweli ni kwamba sikujua niseme nini, na bado sijui.

Namkumbuka sana, hasa siku za Jumapili.

Zuhura ameacha karatasi yake ya shule mezani, nimeisoma polepole. Inasema sehemu za chombo hutengenezwa mbalimbali, kisha lazima zishikane bila hata upenyo wa hewa. Hilo fundi nguo analielewa. Mkono na bega vikikatwa na watu wawili wasiosemezana, kila mmoja na tepu yake, shati halikai. Nilipompima Zuhura mkono niligundua umerefuka sana, na tunaishi chumba kwa chumba.

Kizulu changu ni cha wateja: bei gani, geuka nikupime, njoo kesho. Miaka yote hii Jeppestown kwenye cherehani, na hapo ndipo nilipoishia. Thandi alikuwa akinicheka, nami sikukasirika hata siku moja. Sasa mtoto kacheka mara moja tu.

Atarudi saa kumi na moja. Vyombo vya jana viko kwenye sinki, vinamngoja yeye kama kawaida. Leo nitaviosha mimi, yeye akae, nimwombe radhi.

Halafu nitamwomba anifundishe ile sentensi kwa Kizulu, nisije Ijumaa nikapiga makofi bila kuelewa mwanangu amesema nini.