Roboti Yetu Ilicheza Kanisani, Sasa Inasukumwa

Mpendwa Tata Monicah, shangazi yetu wa redioni, naomba msaada kabla sijashikwa na wazimu. Mimi ni kapteni wa timu ya roboti ya wasichana hapa Chaka, na roboti yetu tumeiunda wenyewe, hakuna fundi ametugusia hata nati moja, na nakwambia inapendeza, iko na yale magurudumu yaliyozungushiwa vigurudumu vidogo, inaenda mbele, nyuma, hata upande bila kugeuka, sasa Jumapili ya shukrani tukaipeleka kanisani ikacheza upande upande kwenye vigae mbele ya madhabahu, wamama wakapiga vigelegele, pasta akayaombea magurudumu, ati hayo ndiyo yatatuletea kombe, mimi nikajivuna mpaka nikalia. Lakini juzi tulicheza mechi ya kirafiki na wavulana wa Timau, uwanja wenyewe ni zulia na una mlima wa kupanda, na roboti yao nzito, isiyo na madaha yoyote, iliisukuma yetu kama debe tupu mpaka nje, na kwa mlima yetu ikateleza tu. Mimi nataka magurudumu sita ya mpira, ya kawaida, lakini Hodan, rafiki yangu aliyeyafunga haya ya sasa, ameacha kuniongelesha, na mama anasema kutoa kitu kilichoombewa ni kumkosea Mungu, na kanisa zima linakuja kwa mashindano. Nifanye nini?
Watiri, Chaka

Watiri, kwanza hongera! Hata mimi hapa redioni nimejivuna, na sijawahi kushika bisibisi. Sasa nikugombeze. Nani alikuambia roboti ya mashindano inajaribiwa kwenye vigae vya kanisa? Mngetafuta zulia, mkaweka mtu wa kuisukuma, mngejua mapema. Kwenda upande ni kuzuri pale hakuna anayekusukuma. Mchezo wenu ni wa kusukumana na kupanda, kwa hivyo mnataka gurudumu linaloshika chini. Funga hayo sita, ya katikati yashuke kidogo kuliko mengine ili roboti igeuke bila kukwama, na betri ikae chini kabisa. Halafu mwite Hodan kabla hujagusa skrubu. Usiyafungue akiwa hayuko, wee! Ni kazi yake, ayatoe kwa mikono yake, na mfunge mapya pamoja.

Kuhusu maombi, hata kama alitaja magurudumu, pasta aliwaombea ninyi, mama yako atulie. Lakini Jumapili usimtume mtu. Simama mbele ya kanisa na sare ya timu useme, "Mimi ndiye kapteni. Nimeamua yatolewe, na tunaenda kushinda." Usiombe msamaha. Kisha keti.