Baba Hakunijua Tukiwa Majini

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko na baridi yako? Wifi na mapacha hawajambo? Kiuno chako je, kimepoa? Sisi huku wazima, ila huo uzima wenyewe ndio nataka tuuzungumze. Kaa kwanza.

Unajua tangu Mama atutoke Baba hakai ndani. Daktari alisema kusahau kwake kutazidi, lakini mazoezi hayamdhuru. Basi kila wiki nampeleka kwenye ile hifadhi ya serikali ya pwani, wanakokodisha kayaki, vile vyombo vyembamba vya mtu mmoja. Yeye hupanda kayaki, mimi ubao, ule wa kusimama na kupiga kasia. Unanijua: nasimama natetemeka kama kuku aliyenyeshewa, naye hunicheka mpaka anakohoa.

Jana tulizunguka miamba, ufuko ukajificha. Upepo ukaanza kuvuma kutoka nchi kavu. Nikamwambia, "Baba, turudi." Akanitazama kwa adabu, kama mtu aliyegongewa mlango kimakosa.

"Samahani dada, tunafahamiana?"

Nikataja jina langu, nikataja la Mama, nikataja lako. Kila nilipotaja alizidi kuogopa, akapiga kasia kunikimbia, kuelekea bahari kuu. Mikono yake bado ina nguvu. Mimi nimepiga magoti juu ya ubao, nalia, simfikii. Simu nimeiacha garini isilowe. Ningemwita nani?

Mwisho nikapaza sauti: "Mzee! Mimi ni wa hifadhi. Muda wa kukodi umekwisha, vyombo vinatakiwa!"

Akasimama pale pale. Mtu aliyezeeka akikagua tiketi za treni, unafikiri atabishana na kanuni? Akaomba radhi, akageuza, akanifuata.

Njiani akanipa pole kwa kazi ngumu. Kisha akasema polepole, "Dada, nina binti yangu, anahangaika sana na mimi. Ukimwona ufukweni, usimwambie nilipotea. Ataacha kila kitu akae ndani kunilinda."

Nikasema, "Sitamwambia, Mzee."

Alipokanyaga mchanga akaniita kwa jina langu, akauliza mbona macho mekundu. Nikasema ni chumvi.

Leo kaamka akitafuta jaketi lake la kuokolea, anauliza tunakwenda lini. Nimejichimbia jikoni, naosha vyombo vilivyo safi. Nikimkataza, nimemfungia. Nikimpeleka, huenda safari ijayo asimwamini hata mtu wa hifadhi. Sijui, Kaka. Kweli sijui. Sikuombi pesa wala ushauri. Njoo tu, hata kwa siku chache.

Msalimie sana wifi, na mapacha waambie shangazi anawakumbuka. Jirani fundi viatu anakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Baba naye nimemwuliza ana salamu gani kwako. Amefikiri kidogo, akatabasamu: "Mwambie yule kijana wetu asome kwa bidii, likizo nitakwenda kumpokea stesheni." Sikumsahihisha.

Mimi nikupendaye sana,
Kitindamimba wenu.