Jicho Moja Linatosha, Ulisema

Baba,

Siku ya kukuzika nilidanganya watu, na aliyenifanya nidanganye ni wewe. Nilisimama mbele ya kanisa zima kule nyumbani Mbooni, karatasi mkononi, nikasema kwamba Jumamosi ya mwisho ya maisha yako, ukiwa na miaka sitini na minane, ulipiga mishale sita na yote sita ikaingia kwenye manjano, pale katikati ya shabaha. Nikasema baba yangu alikuwa na macho ya mwewe. Watu wakapiga makofi. Wazee wakatikisa vichwa, kwamba huyo ndiye Mkamba kamili. Kyalo, kitinda mimba wako, akalia mpaka akashikwa mabega.

Sasa nimejua ukweli, na nimekasirika. Wiki ile ya kwanza nilishindwa hata kukutaja nikiombea chakula.

Nilikuwa nasafisha mfuko wako wa upinde. Ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wangu hapa Kileleshwa kwa miezi miwili, na kila nikiupita naupapasa kama mtu. Chini kabisa, chini ya podo la mishale, nikapata soksi moja imefungwa fundo. Ndani mlikuwa na chupa tatu za dawa ya matone, mbili hazijafunguliwa, na kadi ya kliniki ya macho ya River Road, ile iliyo ghorofani juu ya duka la misumari. Miaka minne, Baba. Tarehe ulizopewa zilijaza kadi pande zote mbili, na ulizokwenda ni tatu. Chini yake daktari ameandika kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari mara mbili: Watoto wote waletwe wapimwe.

Watoto wote ni mimi na Kyalo. Nani alituambia?

Nilikwenda kumwona huyo daktari. Ni mama wa Kimombasa, mpole, ana buibui na miwani mikubwa. Alipoona kadi alikukumbuka mara moja. "Yule mzee wa upinde? Aliniambia wanawe wako ng'ambo." Ng'ambo! Mimi ambaye nikitoka kazini nafika River Road kwa nusu saa, tena na foleni. Nilikaa pale kwenye kiti nikatamani kukufufua ili nikugombeze vizuri.

Alinieleza pole pole. Presha ya macho haiumi, na hurithiwa. Inaanza kula pembeni, inakwenda ikila, na katikati ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Jicho lako la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lilibaki na katikati tu. Akasema mtu wa namna hiyo anaweza kusoma herufi ndogo kabisa ukutani, halafu akiinuka ajigonge kwenye mlango.

Katikati tu. Hapo ndipo nilipokuelewa, na hasira ikapanda upya.

Maana nani angekugundua? Kila Jumamosi ulisimama kwenye uwanja ule wa Lavington, nyuma ya klabu uliyoikatia nyasi miaka mingi kabla hawajakufanya mwalimu wa watoto wao. Ulivuta upinde wako wa kisasa, wenye magurudumu kwenye ncha, ukakileta mbele ya jicho kile kipete cheusi kilichofungwa kwenye uzi wake, ulichokiita kidirisha, na ukatazama kitu kimoja. Upinde hautaki zaidi ya hapo. Jicho la kushoto ulilifunika kwa kipande cha karatasi ngumu ulichobandika kwenye kofia. Mzungu mmoja akakuuliza, nami nikakuuliza, na jibu lilikuwa lile lile: "Jicho moja linatosha." Wanafunzi wako wote wakabandika karatasi kwenye kofia. Mimi pia nilibandika. Tuliuiga upofu wako, Baba, tukidhani ni ufundi.

Na ulikuwa fundi kweli, hilo siwezi kukunyang'anya. Nakumbuka nilipolalamika kwamba manjano yangu yana ukungu. Mimi nilitaka unipanulie kidirisha ili nione zaidi. Ukacheka. Ukakitoa, ukanifungia kingine chenye tundu dogo kuliko lile la kwanza, ukazungusha uzi kwa vidole vyako vya jembe, ukaukaza kwa meno. "Haya tazama, Mwaitu." Hivyo ndivyo ulivyoniita siku zote, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Nikavuta, nikatazama, na manjano yakasimama wazi kama kiini cha yai kwenye sahani. Sijawahi kuona kitu wazi namna ile. Ukaniambia dirisha likiwa dogo ndipo unapoona vizuri, mengine yote ni kelele. Nililipenda neno hilo nikaliandika kwenye daftari la kazini. Juzi nimelichana.

Mengine yote ni kelele. Mlango wangu ulikuwa kelele? Uligonga bega la kushoto kwenye fremu mara ngapi? Na mimi, mpumbavu wako, nilikuwa nakutania: "Mzee, leo umepitia wapi? Umekunywa nini?" Wewe mzee wa kanisa, usiyejua hata harufu ya bia. Ukacheka nami. Akina mama wanaokaa kiti cha kushoto kanisani walinung'unika kwamba unawapita bila salamu, kwamba tangu upewe upinde wa kizungu una maringo. Nikakutetea. Chai uliimimina kando ya kikombe, ukasema kikombe kimesogea. Nikapangusa meza, nikakuamini.

Halafu Jumatatu ile. Uzi wa kidirisha changu ulikuwa umelegea, nikakupigia simu. Ukasema usijali, napitia River Road, nitakuletea uzi wenye nta. Kijana wa bodaboda alikugonga ukivuka barabara, akitokea kushoto, upande ambao hakutakiwa kutoka, maana ile barabara ni ya kwenda upande mmoja tu. Kosa lake analo na sitamfutia. Lakini pale kituo cha polisi nilimkamata shati nikamwuliza macho yake yalikuwa wapi. Akajibu: "Madam, buda, huyo mzee wako, aliniangalia. Aliniangalia hivi, direct. Nikajua ameniona." Nilimwita mwongo. Nilimwita muuaji mbele ya askari. Kumbe alikuwa anasema kweli. Uligeuza uso wako kwake, Baba, ukamtazama kwa jicho lisilokuwepo.

Uzi ulikuwa kwenye mfuko wa koti lako. Sijaufungua.

Mimi nimepimwa. Nimeweka kidevu kwenye ile mashine, nimebonyeza kitufe kila taa ilipowaka pembeni, na daktari amesema niko salama kwa sasa, nirudi kila mwaka. Nikashukuru Mungu, halafu nikalia kwa hasira kwenye ngazi za kliniki, juu ya duka la misumari, watu wakinipita na mabomba yao begani.

Aliyebaki ni Kyalo. Na Kyalo, kama unavyojua, anaendesha basi la shule. Kila asubuhi anazunguka Lavington na Kileleshwa akiokota watoto wa watu getini. Nilimwonyesha kadi. Unajua alinijibu nini? "Sista, si wewe ndio ulisema kwa mazishi? Six out of six. Macho ya kwetu iko sawa." Maneno yangu mwenyewe. Nilimpigia simu asubuhi, nikampigia jioni. Akasema daktari wa River Road anatafuta wateja. Akasema wewe hukuwahi kuvaa miwani. Akasema mzee alikufa kwa sababu ya boda, basi, tumwache apumzike.

Hapo nikaona umenifunga mikono ukiwa kaburini. Ukweli wako uko kwenye soksi, na uongo wangu uko kichwani mwa kila mtu wa Mbooni.

Jumamosi iliyopita nikamdanganya aje uwanjani, eti nigawe vitu vyako, achukue upinde. Alikuja, akauvuta, akatazama kwenye kidirisha chako, akasema, "Naona manjano clean kabisa," na akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia sawa, weka upinde chini. Sasa funika jicho la kulia kwa kiganja, tazama manjano yale yale kwa la kushoto, usihame hapo. Nitaleta mkono wangu kutoka pembeni nikichezesha vidole. Ukiviona tu, sema. Ndivyo daktari alivyonifundisha.

Nikaanza nyuma ya sikio lake la kushoto. Nikauleta mkono pole pole mpaka usawa wa bega. Kimya. Nikausogeza mbele zaidi. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza mahali ambapo mtu yeyote angeviona. Kyalo amekaza macho kwenye shabaha, kichwa amekishika vile vile kama wewe, mdomo umefunguka kidogo vile vile.

"Anza basi, sista," akasema.

Nilibaki na mkono hewani. Alipogeuka na kuuona, karibu na uso wake hivyo, aliketi kwenye nyasi. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mwezi uliopita alivunja kioo cha pembeni cha basi kwenye geti la watu, upande wa kushoto, na akamlaumu mlinzi.

Miaka minne, Baba. Miaka minne ya matone ingeokoa nini kwenye jicho hilo? Daktari hajanijibu na mimi sitaacha kuuliza. Ulikuwa na aibu, najua. Uliogopa kuambiwa uache upinde na urudi kwenye nyasi. Nakuelewa kabisa na bado sikusamehe. Labda nitakusamehe. Leo siyo siku hiyo.

Funguo za basi ninazo mimi. Alinipa mwenyewe, akaniwekea mkononi. Nitarudi Mbooni na kusimama kanisani pale pale nilipodanganya, niwaambie wazee habari ya soksi, na kila mwenye damu yako aende akapimwe. Yule kijana wa boda nitamtafuta pia, nimwambie kwamba hakunidanganya.

Lala, Baba. Nakupenda, na ningekuwa na wewe hapa ningekupigia kelele hadi majirani watoke.

Jumatatu nampeleka Kyalo kliniki. Tutavuka River Road pale pale, na nitatembea upande wake wa kushoto.

Ni mimi,
Mwaitu