Shali ya Neema Uliyoiacha Kwenye Sindano

Kihesa, Iringa

Dada Eliza,

Mwanao hajambo. Ana meno mawili. Jana alimng'ata Mama kidole, na Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nakuandikia habari za shali ya Neema. Siku ya kumaliza matanga, vitu vyako viligawiwa: kanga, sufuria, viatu vya kanisani. Shangazi akainua shali iliyofika nusu, sindano yako ya ndoano bado imo kwenye kitanzi cha uzi. Akasema, "Hii tuifumue, kila mtu apate uzi kidogo." Sijui nilipata wapi mdomo wa kumjibu. Nikasema nitaimaliza mimi.

"Wewe? Wewe wa matuta? Haya. Baridi ikiingia haijaisha, naifumua mwenyewe."

Unakumbuka matuta? Ulinifundisha pale barazani: fundo fupi, fundo refu, fupi, refu, mpaka mwisho wa mstari. Mstari wa pili nikapanga fupi juu ya fupi, refu juu ya refu. Ulicheka ukashika tumbo, Neema akiwa bado humo. "Mdogo wangu, nimekwambia ufume, wewe umelima matuta ya viazi! Refu likae juu ya fupi, ndipo vinundu vitoke."

Siku tatu baada ya kujifungua, ukaenda.

Mvua zikanyesha mpaka zikaisha, sijaigusa. Sindano ikiwa pale pale, nilijiambia umetoka tu kuchota maji. Halafu asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka mlangoni, Neema akakohoa. Nikaishika. Nilifuma, nikafumua, nikafuma tena, nikisema kwa sauti, "Refu juu ya fupi." Mama akatoka jikoni kutazama nazungumza na nani.

Jumamosi niliimaliza, dada. Mkono wako umekaza, wangu umelegea; yeyote anaona ulipoishia. Shangazi alipitisha kidole hapo, kisha akamfunika mtoto mwenyewe. Neema husugua vile vinundu mpaka analala. Huanzia upande wako.

Pumzika sasa. Sindano nimeifunga kwenye leso yako. Mikono ya Neema ikikua nitampa, nami nitamfundisha kama ulivyonifundisha. Akilima matuta, nitamcheka kwa niaba yako.

Mdogo wako,
Tabita