Gari la Babu Limebaki Uani

Blacktown, Sydney

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa aibu kidogo. Barabara zilipofunguliwa baada ya kufungiwa kwa korona, Babu alitaka kutusafirisha tena wajukuu kwa gari lake lenye vitanda na jiko. Nilimpinga mezani kwa kila nilichokisoma kuhusu maambukizi, hadi akaiacha safari. Sasa macho yake yamefifia, na daktari amemkataza kuendesha.

Leo Neema, mjukuu wake mdogo, alimkuta ameshika usukani, gari limezimwa. Akamtania kama kawaida yao:

“Mume wangu, tunaondoka lini?”

“Muulize msomi, mke wangu. Yeye ndiye mwenye majibu.”

Msomi ni mimi, niliyesimama mlangoni nikiwasikia. Kesho nitamwomba ufunguo niendeshe mimi, naye aketi kando yangu. Nisemee kwake, Shangazi; wewe ni bintiye, hajawahi kukukatalia.

Akupendaye,
Elia