Alama ya Elia kwenye Mizinga Yako

Baba,

Shikamoo. Tangu tukuzike hapo Mungaa, mvua imenyesha ikakatika, alizeti za Mama zimesimama nusu shamba, na mimi nimekuwa mtu wa wivu. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu unahusika.

Elia, yule uliyemkubali awe mkwe wako, amepata nafasi Morogoro kusomea shahada ya uzamili ya ufugaji nyuki, na mdhamini atamlipia kila kitu. Mimi nimepata nafasi hiyohiyo, darasa hilohilo, bila mdhamini. Unajua aliandika nini kwenye maombi yake? Aliandika habari zako. Jinsi ulivyomfundisha kutega sikio kwenye mzinga kabla ya kuufungua, na kuacha masega ya nyuma ili nyuki wasihame. Niliyasoma mara mbili, nikamwambia yamekaa vizuri, nikaenda jikoni kulia. Mimi niliandika mambo ya vitabuni. Ningeandika nini kingine? Miaka yote nilikuwa chini ya mti nimeshika ndoo. "Martina, simama hapohapo, mwanamke hapandi mti wa nyuki." Ndivyo ulivyosema, na Elia, mtoto wa watu kutoka Issuna, akapanda.

Chuo kingine kilichonikubali kipo Dodoma. Ni masomo ya elimu, mwisho wa wiki tu, ada nafuu. Ningeendelea kufundisha hapa Ihanja, na nikimaliza napanda daraja. Mama anataka niende huko. Elia anataka tufunge ndoa upesi twende wote Morogoro, ati posho yake itatutosha. Itatutosha! Baba, niliona kama nakabidhiwa ndoo tena. Nikamjibu nimechagua Dodoma, nikasingizia ada.

Halafu nikafanya jambo la aibu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda porini peke yangu kuangalia mizinga yako. Ile mitatu inayoning'inia chini haikuwa na alama yako, ile mikato miwili. Ilikuwa na msalaba mdogo, alama ya Elia, na mkono uliouchonga ni wako, naujua. Ulimgawia na hukuniambia. Nilitoa kisu nikaanza kuukwangua mmoja. Mimi ni mtoto wa mfugaji nyuki, najua kabisa kwamba kufuta alama ya mtu ni kumwibia, na bado nilikwangua. Nyuki walinikimbiza mpaka barabarani.

Elia alinitoa miiba usoni bila kuuliza kitu. Nikamweleza mwenyewe. Akasema, "Mzee alikuwa anasema ungetaka kupanda angekupandisha. Ila hukuwahi kumwomba."

Sikuwahi kukuomba! Na wewe uliwahi kuniuliza? Ulinikataza nikatii, kisha ukauchukua utii wangu ukaona sitaki. Nimekukasirikia siku tatu, Baba, hata picha yako ukutani niliigeuza. Siku ya nne niliirudisha ilivyokuwa, maana niligundua na hiyo Dodoma nimeichagua kwa mtindo uleule wa kutosema ninachotaka. Siitaki. Nilikuwa nakataa tu kukaa darasa moja na mtu aliyenitangulia kwako.

Jana nilivaa suruali nikapanda. Nilianza na ule mzinga niliouharibu, nikaurudishia Elia msalaba wake. Kisha nikapanda hadi mzinga wako wa juu kabisa, na pembeni ya mikato yako miwili nikachonga wa tatu. Huo ni wangu. Nilipotazama chini nilimwona Elia ameshika ndoo.

Nimewaandikia Morogoro waniwekee nafasi hadi mwakani, nijikusanyie ada. Ndoa itasubiri. Elia hakufurahi, lakini amekubali. Atanitangulia tena, mwaka mzima, na usidhani wivu umeisha. Akinitumia picha za darasani najua wivu utanichoma. Nitaenda hivyohivyo, nao.

Pumzika, Baba. Msimu wa kurina asali ukifika nitapanda mwenyewe, na sega la kwanza nitakuletea hapo ulipolala. Safari hii siombi ruhusa. Nakuarifu.

Mwanao,
Martina