AC ya Kamau Inavuja

Jumatatu, 3 Februari
Nimepiga deki tena. AC inavuja, maji yanateremka ukutani mpaka kwa godoro. Nimevuta kitanda na mume wangu Kamau akiwa juu yake. Mgongo unaniuma. Tangu aanguke kwa mjengo akavunjika shingo na kupooza, mwili wake hautoi jasho, unachemka tu kama sufuria. Nikizima, joto linampanda. Nikiwasha, analoa. Sasa nichague gani? Mtaa wote wa Kamakis ni vumbi, sisi ndio tuna mafuriko.

Jumatano, 5 Februari
Fundi wa Thika amekuja. Hata ngazi hajapanda. Ametazama akiwa mlangoni, akasema ni ya kutupa, ninunue mpya. Nitupe aje? Kanisa ndilo lilituchangia. Kina mama wakija kutuombea huitazama hiyo AC kwanza, ndio wamwangalie mgonjwa. Mwingine wa mtaa wa Kimbo amesema kwa simu ni ya kurekebisha tu. Eti anakuja kesho. Kesho ya mafundi naijua.

Ijumaa, 7 Februari
Wa Kimbo amefika. Amefungua, amepuliza paipu, amefunga. Ikakauka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kabla ya jioni, maji! Simu hashiki. Namchukia.

Maitu, mamake Kamau, amekuwa akinitazama nikikamua matambara. Anaishi nasi tangu ajali, na bila yeye ningekuwa nimeacha kazi ya kiwanda kitambo. Leo amesema lile nililokuwa nikiogopa. Tumpeleke kwake Kinangop, huko baridi ni ya bure.

Na mimi? Kazi iko Thika, watoto wako shule hapa. Nitakuwa nikimwona mwisho wa mwezi kama mgeni. Nimejibu vibaya. Nimesema mume wangu si gunia la viazi. Maitu amechukua matambara akayakamua mwenyewe. Kamau amefumba macho, na hiyo ndiyo imeniuma.

Jumapili, 9 Februari
Joto limempanda sana. Nguo mbichi kifuani, kichwani. Anatetemeka. Sikuenda kanisa. Nilitaka kulia jikoni, nifungulie mfereji nisisikike. Mfereji hauna maji, wiki ya pili sasa. Nikalia hivyo tu.

Jumanne, 11 Februari
Nimeona! Ngai, Mungu wangu, nimeona!

Nilienda kwa balcony kuanika. Paipu ya AC imeingizwa ndani ya mtungi, mdomo umezama mpaka chini. Maitu anateka hayo maji kufulia mashuka ya Kamau. Maji ya mtungi yakiufunika huo mdomo, hewa inakwama kwa paipu, maji mapya yanarudi ndani. Yule fundi aliichomoa apulize, alipotoka Maitu akairudisha. Ningemgombeza aje? Ni mashuka ya mtoto wake. Nimeitoa. Ukuta umeshinda mkavu.

Nikamkimbilia Kamau nimwambie. Hatutengenezi, hatununui, hauendi mahali! Hakucheka. Alishamkubalia mamake jana waende Kinangop, nikiwa kazini.

"Si mambo ya AC, mama watoto. Ni wewe. Umeisha."

Nikamkasirikia. Nikambembeleza. Shingo haiwezi kugeuka, lakini macho aliyageuza.

Jumamosi, 15 Februari
Ndugu zake wamekuja na gari. Wamembeba na shuka. Nimefunga dawa, nimemwonyesha Maitu tena vile anageuzwa asipate vidonda. Anajua kunishinda. Nilitaka kusimama mbele ya gari. Halafu niseme nini? Nimemkata Kamau kucha, basi.

Jumapili, 23 Februari
Amepiga, Maitu akimshikia simu. Huko ni ukungu. Analala na blanketi mbili, joto halijampanda hata siku moja. Amekula mukimo akaongezwa. Sauti yake imerudi ile ya zamani, ya kunitania. Nimemwambia ni vizuri. Ni kweli ni vizuri.

Nimefua, nimepiga pasi sare za watoto. Wakati wa chakula, kifunga mimba wetu ameuliza mbona nimempakulia baba. Nimerudisha kwa sufuria, tukakula.